Mganga naye apige: maneno niliyoyasema mbele ya wachezaji wenzangu

Haya jamani, huko nyuma mnanipata? Sawa. Nimepewa muda kidogo niongelee ule ugomvi ambao timu yoyote ikikaa pamoja wiki mbili lazima uzuke, kwamba mganga kwenye gemu la mtandaoni, yule ambaye kazi yake ni kuwarudishia wenzake damu, je naye apige maadui au abaki na dawa zake tu. Mi nacheza mganga, kila gemu likinipa hiyo nafasi naichukua, kwahiyo msitegemee niwe refa hapa, nina upande. Upande wangu ni kwamba mganga apige. Apige kila sekunde ambayo hakuna mwenzake anayemhitaji, na kama gemu lenyewe halimwachii sekunde za namna hiyo basi asipige na mtu asimsumbue. Waliokuja kutafuta jibu wameshalipata wanaweza kwenda zao, wengine tubaki kwasababu ubishi wote uko kwenye hiyo "kama".

Tuanze na kitu ambacho kila mganga anakijua ila hapendi kukisema: muda mwingi hatuna kazi. Tanki, yule anayesimama mbele kupokea mapigo, amejaa damu, wapigaji wamejaa, bosi, yule adui mkubwa tunayepambana naye, anarusha ngumi zake za kawaida ambazo hazimtishi mtu, na sisi tumesimama tunaangalia. Wengine wanaona aibu kusimama kwahiyo wanamrushia uponyaji mtu ambaye tayari amejaa, dawa inamwagika chini. Pambano likiisha fungua rekodi uangalie ile safu ya uponyaji uliozidi, unakuta mtu kahangaika dakika nzima nzima na sehemu kubwa ya jasho lake haikumponya yeyote. Namba yake ya jumla ni kubwa kweli, anaipiga picha, anaituma kwenye grupu, watu wanampa hongera. Hongera ya nini sasa? Yule aliyetulia akaponya pale tu palipohitajika, akatumia muda uliobaki kumchoma bosi, namba yake ya uponyaji inaonekana ndogo na huyo ndo mtu ninayemtaka kwenye timu yangu.

Lakini tuwe wakweli, hii tabia ya mganga kusimama haikuzuka tu. Mwanzoni kabisa haikuwepo hata. Dungeons & Dragons lilipotoka 1974, gemu la mezani ambalo haya magemu yetu yote yamekopa kwake, kasisi alikuwa anavaa deraya na kushika rungu, na kwenye ngazi ya kwanza hakuwa na uchawi hata mmoja, yaani mganga mpya kazi yake ilikuwa kupiga watu rungu basi. Ilipofika EverQuest, 1999, mambo yakageuka. Kule kuna uponyaji mmoja mkubwa unaitwa Complete Heal, kuukasti, yaani kuufyatua, unachukua sekunde 10, na mabosi walikuwa hawasubiri sekunde 10, kwahiyo waganga wanapanga foleni, huyu akianza, baada ya sekunde kadhaa anaanza yule, uponyaji unamfikia tanki mmoja baada ya mwingine bila pengo. Kati ya zamu na zamu mganga anakaa chini, anakaa kweli, kwasababu mana, zile nguvu za kufanyia uchawi, inarudi haraka ukiwa umekaa. Sasa mtu kama huyo umwambie asimame akapige bosi? Mana yake ndo pumzi ya timu nzima.

World of Warcraft, 2004, wakaja na sheria yao: ukikasti kitu kinachokula mana, mana yako inayotokana na Spirit, ile namba ya mhusika inayorudisha mana, inaacha kurudi mpaka zipite sekunde 5. Maana yake hata kauchawi kadogo ka kupiga, kale ambako bosi hata hakasikii, kanakurudisha mwanzo wa saa. Mganga wa enzi zile aliyekataa kupiga alikuwa sahihi kabisa na mi ningemtetea mbele ya yeyote. Ila ile sheria ilishaondolewa zamani, mana imekuwa si shida kama ilivyokuwa, vifaa vimebadilika, mabosi wamebadilika, na bado unakutana na mtu anakwambia "mganga wa kweli hapigi" kama vile imeandikwa kwenye katiba. Ilikuwa hesabu ya mana tu bwana.

Na tukitaka hesabu, tufanye hesabu. Chukua timu ya wanne kama ile ya mapangoni kwenye Final Fantasy XIV, tanki mmoja, mganga mmoja, wapigaji wawili. Namba natunga mwenyewe ili mnielewe. Kila mpigaji anatoa demeji, yaani madhara kwa adui, 100 kwa sekunde, tanki anatoa 60, jumla 260. Bosi ana damu 78,000, atakufa baada ya sekunde 300, dakika 5 kamili. Sasa mganga achangie 50 tu, nusu ya mpigaji mmoja, jumla inafika 310 na bosi anaanguka kwenye sekunde ya 252 hivi. Sekunde 48 zimeondoka. Na msiziangalie hizo 48 kama za kuwahi kulala, ziangalieni kama sekunde 48 ambazo bosi hampigi tanki, harushi moto, hamfukuzi mtu, yaani ni uponyaji ambao sihitaji tena kuufanya. Wahenga waliposema kinga ni bora kuliko tiba hawakuwahi kushika kibodi lakini walijua. Alafu kuna wale mabosi wenye saa ya hasira, muda ukifika anafyeka wote, uwe umejaa damu usiwe umejaa, hapo mganga mwenye dawa nyingi duniani anakufa na dawa zake mkononi.

Kwenye gemu hilohilo uchawi wa kawaida unakula nafasi ya sekunde 2.5. Pambano la sekunde 300 ni nafasi 120. Tuseme uponyaji umekula 30, na kwenye pango la kawaida mganga mzuri hafiki huko kwasababu ana maponyo ya papo kwa papo anayoyachomeka katikati bila kupoteza nafasi. Zimebaki 90. Tisini! Unazipeleka wapi?

Najua mnachotaka kusema, mshika mbili moja humponyoka. Waganga wenzangu wananiambia hivyo kila siku na sio wavivu, ni watu makini wanaoogopa kumuua mtu. Na kuna kipindi gemu lenyewe lilikuwa linawapa haki. Final Fantasy XIV ilipozaliwa upya 2013 ilikuwa na kitu kinaitwa Cleric Stance, ukikiwasha nguvu zako za kuponya zinabadilishana na za kupiga, unapiga vizuri ila uponyaji wako unakuwa maji matupu, ukisahau kukizima tanki anabamizwa, wewe unamrushia dawa isiyo na nguvu, huku unatafuta kitufe. Mafundi walikuwa wanakiwasha na kukizima kama wanapiga ngoma, ilipendeza kuangalia, lakini kwa mtu wa kawaida ulikuwa mtego. Wakakilainisha 2017 kikawa nyongeza ndogo tu ya demeji, 2019 wakakifuta. Mi sikukililia. Kumwambia mtu achague kati ya kuwa mganga na kuwa mpigaji kila baada ya sekunde chache, na akikosea mtu mwingine ndo anakufa, hiyo haikuwa nzuri.

Ila hiyo methali ina jibu lake. Kinachomponyoka mganga sio muda, muda anao, kinachomponyoka ni macho. Anaanza kuangalia namba zake za demeji, anaangalia sumu yake kwa bosi imebakiza sekunde ngapi, anafurahia, na mstari wa damu wa mwenzake unashuka pembeni haoni. Kwahiyo mi nasema mkono upige, macho yabaki kwenye mistari ya damu. Ukiona huwezi kuviachanisha hivyo viwili bado, punguza kupiga, hakuna aibu, rusha sumu peke yake kisha rudi kwenye kuangalia watu. Kuna waganga wanapenda kupiga kuliko kuponya na wanakuja na jina la mganga kwasababu foleni ya waganga ya kusubiri kupangiwa timu ni fupi, hao mi siwatetei, hao ni wapigaji waliokata tiketi ya dirisha lingine.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, na hapa mtanivumilia kidogo. Kuna wabunifu waliokataa huo ugomvi kabisa, wakasema basi pigo lenyewe liwe dawa. Warhammer Online, 2008, kulikuwa na Warrior Priest, anajaza nguvu zake za kuponya kwa kumpiga adui nyundo. Rift, 2011, wakamleta Chloromancer, mchawi ambaye mashambulizi yake yanageuka uponyaji kwa wenzake. Kwenye World of Warcraft kuna kuhani wa aina inayoitwa Discipline na kile kitu chake Atonement. Kilipoanza 2010 kilikuwa rahisi, unampiga adui, dawa inamfikia mwenzako aliye karibu na adui na ambaye hali yake ni mbaya. Watu wakakipenda mno kwasababu unapiga tu na dawa inajitafutia mtu.

2016 wakakigeuza, na mi nadhani ndo kazi bora ya uganga niliyowahi kuiona kwenye gemu lolote. Sasa unawawekea watu alama kwanza, alama inadumu sekunde chache, na wakati alama ipo kila pigo lako kwa adui linawaponya wote wenye alama kwa mpigo. Fikiria maana yake. Bosi ana ule mlipuko mkubwa unaoumiza timu nzima, wewe lazima uanze kuweka alama kabla mlipuko haujaja, mmoja mmoja, ukimaliza alama ya kwanza isiwe imeshaisha, mlipuko unatua, damu za watu wote zinaporomoka, na badala ya kuanza kurusha dawa kwa hofu unamgeukia bosi unamshushia kila ulichonacho na damu za wote zinapanda kwa pamoja. Ukiwahi sana umepoteza, ukichelewa wamekufa. Lazima ujue bosi atafanya nini kabla hajafanya. Mtu akiniambia kuwa mganga anayepiga ni mganga nusu, namuonyesha huyo kuhani, namwambia jaribu wiki moja alafu urudi tuongee.

Hata bila kufika huko kuna vitu vidogo vinavyofanya kazi hiyohiyo. White Mage, mmoja wa waganga wa Final Fantasy XIV, ana Holy, pigo la eneo linalowaduwaza maadui waliomzunguka tanki. Adui aliyeduwaa hapigi, kwahiyo sekunde zile tanki hahitaji dawa. Hiyo tuiite nini, pigo au uponyaji? Huyohuyo ana maponyo ya maua, ukitumia matatu unapata shambulizi kubwa linaitwa Afflatus Misery, yaani kuponya kunakulipa kwa pigo. Na Sage, mganga mwingine wa huko aliyekuja 2021, anamchagua mwenzake mmoja, kila akimpiga adui yule mwenzake anapata dawa kidogo. Hayo yote nayaunga mkono mikono miwili.

Lakini nilisema kuna "kama", na "kama" yenyewe inaitwa Team Fortress 2. Pale Medic, mganga wa gemu hilo la kurushiana risasi, ana bomba la sindano na ana Medi Gun, ile inayotoa mwale wa dawa. Mwale ule hata ukimuelekezea mtu aliyejaa hauendi bure, unamjaza kupita kiasi mpaka asilimia 150, na wakati huohuo unajaza ile ÜberCharge, ambayo ikijaa wewe na mgonjwa wako hamuumizwi na kitu kwa sekunde 8, na sekunde 8 hizo ndo zinavunja ngome ambayo timu imeshindwa kuivunja kwa muda wote huo. Kwahiyo kule hakuna sekunde tupu. Medic anayetoa sindano kwenda kuwinda watu anaacha kujaza silaha kubwa kuliko zote za timu yake, na hapo mi nahamia upande wa pili kabisa, rudi kwenye mwale ndugu yangu. Isipokuwa yule anayetumia Übersaw, msumeno ambao ukimpata adui nao unakupa robo ya chaji, huyo mwacheni, ana hesabu zake, akifa atajua mwenyewe.

Overwatch, gemu la risasi la timu kwa timu, nayo ni dunia nyingine kwasababu adui ni mtu, sio bosi wa programu, na mtu anamtafuta mganga kwanza. Mganga asiyeweza kupiga pale ni chakula. Wahenga walisema mganga hajigangi, basi angalau ajilinde. Ndo maana Mercy, mganga mmoja wa pale, ana kabastola, na mganga mwenzake Ana ana bunduki moja ambayo risasi yake ikimpata mwenzako inaponya na ikimpata adui inaumiza, kila risasi ni uamuzi, na mi naona hiyo ni safi sana. Alafu yupo Moira. Moira, naye mganga, dawa yake inakaa kwenye mtungi mdogo, inajirudia polepole yenyewe, ila ukinyonya damu ya adui inarudi haraka. Wazo zuri kwenye karatasi, piga ili uponye. Kwenye mechi unakutana na Moira ambaye ameshajaza dawa hadi juu na bado anamkimbiza mtu mmoja uchochoroni nyuma ya ramani nzima wakati sisi watu wanne tunakufa mbele. Yule kasahau kwanini alianza kunyonya. Na Mercy ana mwale wa bluu unaoongeza nguvu za pigo la mwenzake, kwahiyo anachangia demeji bila kufyatua hata risasi moja, na watu wanaohesabu demeji ya mkono wake peke yake hawamtendei haki.

Nina neno kwa wanaotengeneza haya magemu, najua hawapo hapa ila maneno yanasafiri. Mkitaka mganga apige mpeni cha kupigia. Waganga wengi wa Final Fantasy XIV ukiondoa vile vitu vya mara mojamoja wana sumu moja wanayoirudia kila nusu dakika na uchawi mmoja wa kupiga, basi, kitufe kilekile, kitufe kilekile, mpaka bosi afe. Wapigaji wana mashairi marefu ya vitufe na sisi tumepewa neno moja tulirudie. Alafu uponyaji wenyewe mmeufanya mwepesi kiasi kwamba mganga anayejua pango anaponya mara chache na kubonyeza kitufe kimoja mara mamia. Ama mtuongezee mapigo, ama bosi aume zaidi tuwe na kazi yetu. Guild Wars 2 walijaribu njia ya tatu 2012, hakuna mganga kabisa, kila mtu ajiponye mwenyewe, na zilipokuja reidi, yale mapambano magumu ya timu kubwa, 2015 waganga wakarudi kwasababu watu wakianza kuumizwa kweli kuna mmoja lazima asimame nyuma aangalie wengine.

Na sasa wapigaji, msidhani mmepona. Kuna jambo moja mnalifanya na linaniuma. Mnakuja mnaangalia demeji ya mganga, mnaona ndogo, mnaanza "mganga mbona hupigi". Mi siwezi kupiga wewe ukiwa umesimama kwenye moto. Duara jekundu liko chini ya miguu yako, liko pale sekunde tatu nzima, unaliona, ila unataka umalize mapigo yako ili namba yako isishuke, unaungua, mi naacha pigo langu nakuponya. Umeiongeza namba yako kwa pigo moja na umeninyang'anya mawili, timu imepata hasara na wewe ndo unaonekana shujaa kwenye jedwali. Tanki asiyetumia ngao zake, mpigaji asiyekwepa, wote hao wanakula kwenye zile nafasi 90 nilizozisema. Timu ambayo mganga wake anapiga sana mara nyingi ni timu ambayo watu wake hawaumii ovyo. Kwahiyo ukiona demeji ya mganga ndogo, kabla hujaandika neno angalia nani kaumizwa, na vitu gani, na mara ngapi. Jina lako litakuwepo hapo.

Na mgeni je, yule aliyeingia pangoni mara ya kwanza anatetemeka? Huyo mwacheni aponye tu. Hajui bosi atapiga lini, kwake kila sekunde inaonekana kama sekunde ya hatari, na hawezi kujua ipi ni tupu mpaka aipitie. Mkimkaripia apige atapiga, tanki atakufa, mtamkaripia tena, na kesho atachagua upinde, alafu mtakaa kwenye foleni nusu saa mnauliza waganga wako wapi. Mwambieni baada ya pambano, kwa upole, na mwambieni kitu kimoja tu. Mi huwa naanza na sumu, kwasababu sumu ni kubonyeza mara moja na inaendelea kumla bosi yenyewe huku macho yako yamesharudi kwa watu. Akishazoea sumu ataanza mwenyewe kuona, ah, hapa bosi ananyanyua mkono polepole, nina nafasi mbili. Ataweka pigo moja. Wiki ijayo mawili. Akifika kwenye reidi atakuwa anajua wapi pana utulivu na wapi hapana, na hiyo hakuna video ya mafunzo inayoweza kumpa.

Haya, naona mkono pale, na wewe pia mwenye kofia, na huyo tanki anayetikisa kichwa tangu nianze, naona una neno. Mpeni kipaza sauti yeye kwanza.